Uasilia wa Nani? Land Rover za Uluguru na Ford ya Bob McGee

Januari 1948 lilitoka Marekani toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, jarida la vijana waliokuwa wakizivunja Ford kuukuu na kuziunda upya. Aprili ya mwaka huohuo, kampuni ya Rover ya Uingereza ilizindua Land Rover ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Magari hayo mawili ni watoto wa vita vimoja. Wengi wa vijana wale walikuwa askari waliorejea makwao na ujuzi wa mitambo. Na Land Rover ilivishwa bodi ya aluminiamu kwa sababu feleji ilikuwa adimu baada ya vita. Mmoja alikimbilia mabonde makavu ya California kushindana kwa kasi. Mwingine, pamoja na safari zake nyingine nyingi, alipanda milima ya Uluguru.

Ford ya Bob McGee yafaa kuwa kipimo cha mjadala huu. Ni gari la mwaka 1932, naye McGee alilitengeneza upya baada ya kurudi vitani. Oktoba 1948 picha yake ilipamba jalada la Hot Rod. Miaka mingi baadaye gari hilo lilifanyiwa ukarabati, na katika muongo wa 2010 likaingizwa katika sajili ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Jambo la kuzingatiwa hapa ni moja. Ukarabati ule haukulirudisha gari kama lilivyotoka kwa Henry Ford. Ulilirudisha kama lilivyotoka mikononi mwa McGee. Kilichohesabiwa kuwa urithi ni mabadiliko yenyewe, yaani kile ambacho mwenye kiwanda angekiita uharibifu.

Huku kwetu neno “asilia” limeshika njia nyingine. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanywa Arusha katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia, na hapana shaka ulikuwa mkusanyiko wa kupendeza. Lakini sifa ambayo wapenzi wa magari ya kale huitamka kwa heshima kuu kupita zote ni kwamba gari halijaguswa: injini ileile, rangi ileile, taa zilezile za kiwandani. Kwa kipimo hicho, Land Rover ya Mgeta ni gari lililoharibika.

Yafaa kulitazama gari hilo kama mhakiki atazamavyo shairi. Ni lile la inchi 109 baina ya ekseli, lililoacha kuundwa katika miaka ya 1980. Chesesi ni ya Uingereza. Injini aghalabu ni ya dizeli ya Kijapani, iliyoingizwa kwa kukata na kuchomelea. Springi zimeongezwa vyuma ili zihimili magunia ya viazi na matenga ya kabichi na njegere yashukayo kutoka Nyandira hadi mjini Morogoro, na baadhi yake kuendelea hadi Dar es Salaam. Juu ipo keria, ndani yapo mabenchi mawili yaliyoelekeana, nyuma kipo kidaraja cha taniboi, ambaye huruka chini na jiwe au kipande cha gogo kulizuia gurudumu pale gari linapochoka kwenye mwinuko. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwa ajili ya kupendeza macho. Hata hivyo, msomaji aliyezoea vina na mizani atakitambua kitendo chenyewe: bahari imepokewa kutoka kwa waliotangulia, maneno ni ya malenga.

Tofauti na ndugu yake wa Marekani ni kubwa, nayo si hasara. Kule madigadi yalivuliwa na paa likashushwa ili gari liwe jepesi na liende mbio. Huku gari limezidishiwa uzito ili lipande polepole na lisirudi nyuma. Morogoro, zaidi ya hayo, haina sababu ya kuipenda kasi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Na wanamuziki hao walikuwa mafundi wa namna hiyohiyo: walilipokea gitaa la umeme la mgeni wakalifundisha kusema kwa lafudhi ya mji wao.

Kuna hoja nzito zaidi. Kulirudisha gari la Uluguru katika hali ya kiwandani ni kulirudisha kwa nani? Wakati wa ukoloni Land Rover ilikuwa gari la ofisa. Wazee wa Uluguru hawajaisahau miaka ile ya kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, amri zilizozaa ghasia za mwaka 1955. Gari la rangi ya kijani ya kiwandani, safi, lisilo na keria wala benchi, ndilo gari la bwana shamba wa zama hizo. Gari lenye makovu ya kuchomelewa ndilo lililomchukua mama mwenye uchungu wa uzazi hadi hospitali ya mjini, na maiti hadi kijiji cha ukoo wake. Anayeyasugua makovu hayo hadi yapotee anafuta nusu ya habari, tena ile nusu iliyoandikwa na wenyeji.

Kisiwani Unguja jambo hili halihitaji maelezo marefu. Gari za shamba, zile za bodi ya mbao iliyopachikwa juu ya chesesi ya lori la kigeni, zilijengwa na maseremala ambao majina yao hayakuandikwa popote, ijapokuwa abiria wengi waliweza kuitambua kazi ya fundi fulani kwa umbo la dirisha tu. Jina la Bob McGee limo ndani ya sajili. La fundi wa Morogoro aliyekata chesesi ya kwanza ili injini ya Kijapani ipate kukaa halimo mahali popote, na bodaboda zinazidi kuwachukua abiria wake.