Je, Uzee ni Maradhi?

Mwaka 2019 David Sinclair, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, akisaidiwa na Matthew LaPlante, alitoa kitabu kiitwacho Lifespan. Hoja yake kuu ni kwamba uzee ni maradhi, na kwamba maradhi hayo yaweza kutibiwa. Mimi niliyekwisha kupita miaka sabini nilikisoma kwa hamu ya mgonjwa aliyesikia sifa za mganga mpya, lakini pia kwa jicho la mwalimu aliyezoea kusahihisha.

Nianze na lililo jema. Mwandishi ni hodari wa mifano. Anasema chembe hai za mwili zinapozeeka hazipotezi maagizo ya urithi, bali hushindwa kuyasoma, mithili ya diski iliyokwaruzwa: yaliyorekodiwa yangalimo, ila mashine haiyasomi sawasawa. Wala hizo si porojo. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba jeni nne zatosha kuirudisha chembe ya panya aliyekomaa katika hali ya uchanga, na mwaka 2012 akatunukiwa Nobel. Mwaka 2020 maabara ya Sinclair ilitumia jeni tatu kati ya hizo, na panya wazee wakarudishiwa kiasi cha nuru ya macho.

Lakini panya si mtu. Mwandishi anapofika kwa binadamu, majaribio yanaadimika na ushuhuda unashika nafasi yake: anatusimulia vidonge anavyomeza yeye na baba yake, na jinsi baba huyo alivyochangamka. Mwanachuo wangu angeniletea ushahidi wa mtu mmoja, ningemrudishia daftari lake. Tena yaliyopita yangemfunza tahadhari. Sirtris, kampuni aliyoshiriki kuianzisha kwa ajili ya dawa za namna hii, ilinunuliwa mwaka 2008 kwa dola milioni 720. Mwaka 2013 ofisi zake zikafungwa, na dawa iliyotarajiwa haijafika dukani.

Limebaki neno lenyewe, maradhi. Anadai kwamba jina hilo litafungua mifuko ya utafiti, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwetu mzee ni cheo. Ndiye anayeamkiwa shikamoo, na shauri lake husubiriwa. Akiitwa mgonjwa, vijana watamhurumia badala ya kumsikiliza. Nitibiwe macho na magoti, nitashukuru sana. Umri wangu hauhitaji dawa.

Kitabu kisomwe, ila kwa kalamu nyekundu mkononi.