Programu Njema Utaijua Getini

Ustadi wa mtengeneza programu haupimwi ofisini kwenye kiyoyozi. Simama geti la ghala lolote Mobeni, kusini mwa Durban, mlinzi anaposkani leseni ya dereva wa lori. Kati ya yote yaliyomo kwenye leseni ile, geti linahitaji yapi? Jina tu; namba ya gari husomwa kwenye lori lenyewe. Fundi hodari huchukua hayo na kuyawekea siku ya kufutwa. Fundi goigoi huzoa kila kitu kwa kuwa mashine inakisoma. POPIA, sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kubana Julai 2021, inamkataza. Jicho lake lingemkataza mapema zaidi.

Kisha kagua visanduku vya kuchagua kwenye fomu. Hapa usiwe na haraka. Jirani na Mobeni ni Chatsworth, wanakoishi Wazanzibari wa Durban, wazao wa watumwa waliokombolewa na kushushwa Natal kuanzia 1873, wengi wao Wamakua. Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950 ilitaka kila mtu awe na rangi yake daftarini. Waafrika hawa Waislamu hawakuenea kwenye safu yoyote, mwisho wakaandikwa “Waasia Wengine” na kuhamishwa kutoka mtaa wa Bluff. Kisanduku kile ndicho kilichoamua nyumba yako iwe wapi. Baadaye namba ya kitambulisho yenyewe ikabeba rangi ya mtu, hadi sheria ya 1986 ilipoiondoa. Lakini tarakimu ya 11 bado hutaja uraia: 0 ni raia, 1 mkazi wa kudumu. Kwangu hiyo ni kazi mbovu. Mkongo wa Bukavu akipata uraia leo, namba aliyokuwa nayo jana inamsingizia. Namba imtambulishe mtu, isimsimulie.

La mwisho ni makosa, maana kidole huteleza. M-Pesa ya Kenya, iliyoanza 2007, baadaye iliongezewa Hakikisha: unaona jina la mpokeaji, na una sekunde chache za kusitisha kabla pesa haijaondoka. Ni kitu kidogo, ila aliyekibuni alimfikiria mama anayetuma karo gizani.

Basi ukiletewa programu mpya, jisajili kwa jina moja tu, bila la ukoo. Ikikukatalia kwa maandishi mekundu, muulize fundi ni nani aliyemwambia kila binadamu ana majina mawili.