Furaha ya Belmont Imelipwa na Nani? Uhakiki wa "Mabepari wa Venisi"

Miongoni mwa maswali ya insha yasiyokwisha kutolewa katika madarasa yetu ni lile linalomtaka mwanafunzi aeleze kama fedha ndiyo msingi wa furaha ya binadamu. Jibu lake limekwisha kuwa kama wimbo. Mwanafunzi huandika kwamba fedha si kila kitu, akapamba maneno yake kwa methali mbili tatu, akapata alama. Kesho yake mwanafunzi huyo huyo huenda akarudishwa nyumbani kwa sababu hajalipa ada. Makala haya yanakusudia kuitazama upya tamthilia moja ambayo aghalabu walimu huitumia kulithibitisha jibu hilo, nayo, kwa maoni yangu, hailithibitishi hata kidogo.

Tamthilia yenyewe ni ile ya Shakespeare iliyopigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1600, na ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1969 kwa jina la "Mabepari wa Venisi". Mwaka huo ulikuwa wa pili tangu kutangazwa kwa Azimio la Arusha, na wasomaji wengi hawakukosa kuliona Azimio hilo ndani ya jina la kitabu. Katika Kiingereza jina la tamthilia linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu alichagua wingi, na akachagua neno "bepari". Neno hili lina asili ya Kihindi, na zamani maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu; baadaye ndipo lilipobeba maana ya mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Kwa hiyo jina hilo halikutoka mbali na asili, ila limeongeza swali ambalo Kiingereza hakikuliuliza: mabepari hao ni akina nani?

Darasani jibu hutolewa upesi: bepari ni Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa riba anayedai ratili ya nyama ya mwenziwe. Lakini mtu mmoja hawi wingi. Tuwatazame basi wahusika wengine.

Antonio ndiye anayeufungua mchezo, na neno lake la kwanza ni huzuni. Ni tajiri, ana merikebu baharini, na hajui kwa nini amehuzunika. Rafiki zake wanadhani anahofia mali yake. Yeye anakana, kwa kuwa hakuipakia yote katika chombo kimoja. Onyesho la pili linamleta Portia, mwanamke aliyeachiwa mali nyingi na marehemu baba yake, naye pia amechoka na dunia. Mhudumu wake Nerissa anamwambia kwamba mwenye kuvimbiwa huugua sawasawa na mwenye njaa, na kwamba aliye katikati ndiye mwenye heri. Mwalimu anayetaka kufundisha kuwa fedha haileti furaha huishia hapa akafunga kitabu.

Tukiendelea kusoma tutakuta mambo mengine. Bassanio, rafiki wa Antonio, amekwisha kutumia mali yake yote. Anataka kwenda Belmont kumposa Portia, lakini mkono mtupu haulambwi. Antonio hana fedha taslimu, hivyo zinakopwa dukati 3,000 kwa Shylock kwa muda wa miezi mitatu, na dhamana ni nyama ya mwili wa Antonio. Kwa mkopo huo Bassanio anasafiri kwa fahari hadi kwenye vile visanduku vitatu: kimoja cha dhahabu, kimoja cha fedha, kimoja cha risasi.

Hapa Kiswahili kinatupa jambo ambalo Kiingereza hakina. Kwetu sisi madini yale meupe na pesa ya matumizi huitwa kwa neno moja: fedha. Kisanduku cha dhahabu kinaahidi kile wanachokitamani watu wengi. Cha fedha kinaahidi kumpa mtu kadiri anavyostahili. Mwana wa mfalme wa Arragon anakichagua cha fedha kwa kuwa anajiona anastahili, na ndani anakuta sura ya mpumbavu. Msomaji wa Kiswahili anasikia hapo onyo lililo wazi zaidi: anayedhani kuwa fedha ndiyo kipimo cha stahili ya mtu ni mpumbavu. Darasa zima huweza kufunguka kwa neno hilo moja, na ni ajabu kwamba wahakiki wengi hulipita bila kuligusa.

Bassanio anachagua risasi, anayahukumu mapambo na dhahabu kwa hotuba nzuri, na anafanikiwa. Kisanduku cha risasi kinamtaka anayekichagua atoe na kuhatarisha kila alicho nacho. Tuulize basi, Bassanio amehatarisha nini? Fedha alizokwenda nazo ni za Shylock, na mwili uliowekwa rehani ni wa Antonio. Anayeidharau dhahabu mbele ya visanduku amefikishwa hapo na dhahabu. Shakespeare hakuificha hitilafu hii. Sisi ndio tunaoificha tunapoisoma hotuba ile kama mawaidha.

Sasa tumrudie Shylock. Ni kweli kwamba chuki imemlevya, na kisu anachokinoa mahakamani hakina utetezi. Lakini Antonio anayemwendea kukopa ni yule yule aliyekuwa akimtemea mate na kumwita mbwa. Tena katika Venisi halisi Wayahudi walitengewa mtaa wao wa kufungiwa tangu mwaka 1516, na kukopesha kwa riba kulikuwa miongoni mwa kazi chache walizoruhusiwa. Binti yake Jessica anapotoroka na mali yake, anabadilisha pete ya feruzi kwa nyani. Shylock anaomboleza: pete ile alipewa na Leah wakati bado hajaoa, naye asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Huyu anayeitwa mtumwa wa fedha ndiye anayejua kwamba kuna kitu kisichouzwa. Belmont nako pete alizotoa Portia na Nerissa kwa kiapo zinatolewa na waume zao baada ya muda mfupi tu, hata kama ni kwa shukrani.

Hukumu inapotolewa, Shylock anaachiwa roho na kunyang'anywa mali. Yeye anajibu kwamba kumchukulia mtu njia yake ya kuishi ni kumchukulia uhai wenyewe. Katika onyesho la mwisho Antonio anapata habari kuwa merikebu zake tatu zimefika salama zikiwa na shehena, naye anamshukuru Portia kwa kumrudishia uhai pamoja na cha kuishia. Maadui hawa wawili, waliopingana tangu mwanzo, wanakubaliana katika jambo hili moja tu. Nadhani hapo ndipo penye moyo wa tamthilia. Fedha haikumwondolea Antonio huzuni alipokuwa nayo, lakini alipoikosa alilala kifungoni akingojea kisu.

Mchezo unaisha kwa mbalamwezi, ngoma za Belmont na wapenzi wanaotaniana. Lorenzo na Jessica wanakabidhiwa hati ya kurithi mali yote ya Shylock atakapokufa. Furaha ipo, tena ya kweli, lakini imelipiwa, na aliyelipa hayumo jukwaani. Wingi ule wa "Mabepari" unapata maana hapo. Ikiwa bepari ni anayeishi kwa cha mwingine, Belmont nzima imejaa mabepari, nao wanaimba.

Upungufu mmoja wa jina hilo ni kwamba linaweza kumfanya mwanafunzi aione tamthilia kama hukumu ya fedha yenyewe. Azimio la Arusha halikusema hivyo. Lilisema kwamba fedha ni tunda la maendeleo, wala si msingi wake. Ni tofauti kubwa. Anayesema tunda si mzizi hajasema kuwa mtu ashinde na njaa.

Ndugu walimu, sisi tunaofundisha Kiswahili huku Uganda tuna wanafunzi ambao wazazi wao huuza mbuzi ili kulipa ada. Kumwambia mtoto huyo kuwa fedha si kitu ni kumfundisha kusema uongo kwa lugha fasaha. Nerissa alisema heri ipo katikati, lakini yeye na bibi yake walikuwa katika nyumba isiyopungukiwa na chochote. Ningependekeza tuyabadilishe maswali yetu. Badala ya kuuliza kama fedha huleta furaha, tumwulize mwanafunzi: katika tamthilia hii, furaha ya nani imelipwa na nani? Atalazimika kukisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho ili ajibu, na huenda akamkumbuka na yule mbuzi.