Siku za Mhariri wa Filamu

Watu wengi, wanapouliza filamu fulani ilichukua muda gani, huhesabu siku ambazo kamera ilikuwa kazini, na hesabu hiyo hupotosha, kwa kuwa upigaji wa picha, pamoja na pilikapilika zake zote, aghalabu ni hatua fupi kuliko nyingine. Filamu ya Boyhood ya Richard Linklater, inayomfuata mvulana mmoja tangu utotoni hadi anapoingia chuoni, ilianza kupigwa mwaka 2002 ikamalizika mwaka 2013, lakini siku za kamera zikijumlishwa hazifiki 50. Kabla ya upigaji hutangulia kuandika skripti, kusaka fedha na kuteua waigizaji. Baada yake hufuata uhariri, yaani kuchagua vipande vya picha, kuvikata na kuviunganisha, na huo ndio ufundi unaokula muda mwingi na kupata sifa kidogo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Apocalypse Now, filamu ya Francis Ford Coppola kuhusu vita vya Vietnam, ambayo ilipigwa nchini Ufilipino kuanzia Machi 1976 hadi Mei 1977. Misukosuko yake inajulikana: kimbunga kilibomoa seti, yaani majengo na mandhari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia picha, mwigizaji mkuu alibadilishwa kazi ikiwa imekwisha kuanza, na Martin Sheen, aliyeshika nafasi hiyo, akapatwa na mshtuko wa moyo. Upigaji uliopangiwa miezi michache ukafikia siku 238. Hayo ndiyo magazeti yaliyoyapenda, na si ajabu, maana kimbunga husimulika kwa urahisi kuliko mtu aliyejifungia chumbani na mikanda.

Lakini waliorudi kutoka Ufilipino walirudi na mikanda ya takriban saa 230, ambayo ilipaswa kuzaa filamu ya saa mbili na nusu hivi. Walter Murch, mmoja wa wahariri wanne wa filamu hiyo, ameeleza katika kitabu chake In the Blink of an Eye kwamba kila dakika moja iliyobaki iliacha nyuma dakika 95 ambazo mtazamaji hakuziona, na kwamba, alipogawanya idadi ya mikato yote kwa siku walizofanya kazi, alipata mikato 1.47 kwa mhariri mmoja kwa siku. Mkato ni pale kipande kimoja cha picha kinapokoma na kingine kuanza, na kuuunganisha kwa mkono, hata enzi za mikanda, hakukuzidi sekunde kumi. Saa nyingine zote za siku zilikwenda katika kutazama, kurudia, kujaribu njia ambayo haikufaa, kuifumua na kuanza upya. Kwa hiyo hesabu ya Murch, ambayo msimamizi wa fedha angeiita uvivu, kwa kweli ni kipimo cha fikra. Mhariri hulipwa kwa kukataa, na anachokikataa mara nyingi ni kizuri, kimegharimu fedha nyingi, na mwongozaji anakipenda.

Mwanzo wa filamu hiyo unaonyesha kazi hii kwa karibu. Msitu wa minazi unalipuka kwa moto, helikopta zinakatiza mbele yake, kisha picha hizo zinafifia juu ya uso wa askari aliyelala chali katika chumba cha hoteli mjini Saigon, ambako feni inazunguka darini. Mlio wa helikopta, uliotengenezwa kwa kinanda cha umeme, unageuka polepole kuwa mvumo wa feni, na mtazamaji anaelewa, bila kuambiwa neno, kwamba vita vimo kichwani mwa mtu huyu. Uhusiano huo kati ya mapanga ya helikopta na ya feni ulisukwa mezani mwa wahariri na katika chumba cha sauti, na baada ya kazi ya picha Murch alitumia takriban mwaka mwingine mzima kuandaa na kuchanganya sauti, yaani kupanga maneno, muziki na milio ili kila kimoja kisikike mahali pake.

Mei 1979 filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kama kazi ambayo bado haijakamilika, na hata hivyo ikagawana tuzo kuu na filamu nyingine. Agosti ikaingia katika majumba ya sinema. Hata hapo haikuisha. Mwaka 2001 Coppola na Murch walitoa toleo lililorefushwa kwa dakika 49, uamuzi ambao si kila mpenzi wa filamu hiyo aliufurahia, kwa kuwa baadhi ya vipande vilivyorudishwa vinathibitisha kwamba mkasi wa kwanza ulikuwa na haki. Na mwaka 2019, miaka 40 baada ya toleo la kwanza, Coppola alitoa jingine la takriban saa tatu, lililo fupi kuliko lile la 2001, akilitangaza kuwa ndilo la mwisho.