Pima ya Ukili

Katika vijiji vya Unguja, Pemba na mwambao wa Tanga, mwanamke anayesuka ukili wa mkeka hana saa maalumu ya kusuka. Ana kitambo baada ya kuteleka wali, ana maongezi ya mgeni barazani, ana ile nafasi ndogo ya magharibi kabla watoto hawajadai chakula. Chane za ukindu zimekwisha kulowekwa zikalainika, na ukili umeviringwa pembeni ukingoja mikono. Anauokota, anasuka shubiri mbili, anauweka. Pima zikitimia, sindano inaunganisha ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unatandikika. Anayeukalia hudhani ulisukwa kwa mkao mmoja.

Uandishi ni kazi ya mikono ya namna hiyo, na kwa mtu mwenye ajira na nyumba, hakuna namna nyingine inayodumu. Wengi hungoja likizo, au watoto wakue, au wahamie nyumba yenye chumba cha ziada. Wakati mkubwa wanaoungoja hauji, na ukija huwakuta mikono imesahau.

Mshairi na mwandishi Shaaban Robert hakungoja. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia idara ya forodha kama karani. Alibaki katika utumishi wa serikali ya kikoloni hadi 1960: forodhani, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi. Miaka 34 ya kujaza daftari za watu wengine. Katika miaka hiyo alioa, akafiwa na mke, akalea, akahamishwa kituo hadi kituo, na bado tenzi, mashairi, insha na hadithi zikaendelea kutoka. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, ni kumbukumbu adimu ya maisha hayo ya mtu aliyekuwa karani, ndugu na mwandishi kwa pamoja.

Sehemu ya siri yake imo ndani ya sanaa yenyewe. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mshororo mizani 8. Mitatu ya kwanza inakubaliana vina, na wa nne unabeba kina kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Kitu cha ukubwa huo kinaingia kichwani. Mtu anaweza kukitunga njiani, akakipima kwa vidole, akakiweka ulimini hadi atakapofika penye karatasi. Halafu kinahesabika. Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga Shaaban Robert juu ya vita vya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Namba hiyo inatisha ikitazamwa nzima. Ikigawanywa kwa beti 10 kwa wiki, inatoka wiki 300, ambazo hazifiki miaka 6. Hakuna anayejua kama yeye aligawa hivyo, lakini hesabu inaonyesha kwamba mlima ule unapandika na mtu mwenye kazi ya kutwa.

Beti 10 kwa wiki. Neno lenye uzito hapo ni wiki. Lengo la kila siku humfaa mtu ambaye siku zake zinafanana. Muuguzi wa zamu, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, mzazi ambaye mtoto wake ameamka na homa, siku zao hazifanani hata kidogo, na lengo la siku likivunjika mara tatu mfululizo huacha aibu inayomfukuza mtu mezani. Lengo la wiki lina nafasi ya kupumua: Jumanne iliyokwenda hospitali inafidiwa na Jumamosi alfajiri, na nyumba haikugombana na kurasa.

Mwingereza Anthony Trollope alichagua saa. Alikuwa mtumishi wa posta, na kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa ya mfukoni mbele yake, akijiwekea maneno 250 kila robo saa. Kabla ya kuongeza lolote alisoma nusu saa aliyoyaandika jana. Kwa utaratibu huo aliacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wasomaji wengi walichukia kusikia kwamba sanaa ilipimwa kama vitambaa dukani. Walikosea. Fundi wa mlango wa nakshi naye ana futi na penseli sikioni, na hakuna anayesema maua yake ni ya uongo.

Lakini Trollope mwenyewe alieleza kwamba palikuwa na mtumishi mzee aliyelipwa paundi 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Jambo hilo lisipitwe upesi. Alfajiri tulivu ya mwandishi mara nyingi imelipiwa na usingizi wa mtu mwingine, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mke, dada au mama, naye halipwi. Basi kipimo cha haki kinapangwa na wote wanaokaa chini ya paa moja. Anayeomba saa mbili za Jumamosi aseme pia ni saa zipi atakazorudisha, nani atakwenda sokoni, nani atawaogesha watoto.

Na watoto si wapinzani wa kalamu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wake wa beti 102 kumwachia binti yake. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Muda wa mtoto uligeuka muda wa utenzi. Margaret Ogola, daktari wa watoto wa Kenya na mama, alichapisha The River and the Source mwaka 1994, riwaya inayofuata wanawake wa ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Mwaka uliofuata ikapata tuzo. Kliniki na nyumba vilikuwa upande mmoja na riwaya hiyo.

Wasusi wana ujanja mwingine ambao mwandishi mwenye haraka anapaswa kuukopa. Chane haiachwi iishe. Mpya huingizwa ile ya zamani ikingali na urefu, la sivyo ukili unalegea mahali pale. Anayeandika kwa vipande vya muda aache sentensi katikati, anapojua neno linalofuata, ndipo ainuke kwenda kazini. Jioni, akiwa amechoka, atakuta mahali pa kushika.

Shaaban Robert alistaafu mwaka 1960 na akafariki Juni 1962. Mapumziko marefu ambayo wengi huyawekea vitabu vyao hakuyapata. Alipewa miaka miwili. Kufikirika kilitoka 1967, Utubora Mkulima 1968, mwenyewe akiwa kaburini. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekwisha kusukwa akiwa mtumishi wa serikali. Kusadikika kilichapishwa 1951, na mwandishi wake alikuwa bado na miaka 9 ya kuripoti kazini.