Hisabu ya Hali katika Kichujio cha Umeme

Fundi wa ampilifaya wa Temeke, atakapo kuuondoa mvumo katika spika, huweka koili na kapasita baada ya diodi, na aghalabu hukadiria thamani zake kwa mazoea. Nami siyabezi mazoea hayo, ila iko njia ya hisabu, iliyoenea kwa kazi za Rudolf Kalman tangu mwaka 1960, inayofichua jambo ambalo sikio haliwezi kulisikia.

Shina la njia hiyo ni swali moja: katika sakiti hii, ni kitu gani kiwekacho akiba ya nishati? Rezista haiweki, huigeuza joto tu. Koili huweka kwa mkondo wake na kapasita kwa volteji yake, basi hali ya sakiti ni hizo mbili wala si zaidi, na mwenye kuzijua kwa wakati mmoja, pamoja na volteji iingiayo tangu hapo, amekwisha kuyajua yote yatakayofuata. Kuchagua hivyo ndiyo kazi yenyewe. Yaliyobaki ni kanuni mbili za Kirchhoff za mwaka 1845.

Tuchukue koili ya henri 0.2 yenye ukinzani wa omu 2, kapasita ya mikrofaradi 1000, na mzigo wa omu 100. Volteji iingiayo (u), ikitolewa ile ipoteayo katika ukinzani na ile ya kapasita (v), ndiyo ibadiliyo mkondo wa koili (i); na mkondo huo, ukitolewa uendao kwenye mzigo, ndio uijazao kapasita. Tukigawanya kwa 0.2 na kwa 0.001, twapata:

di/dt = −10i − 5v + 5u
dv/dt = 1000i − 10v

Mizizi ya matriksi ya vizidishi vya i na v katika milinganyo hii ni −10 ± j70.7, yaani mtikisiko wa hezi 11 hivi unaofifia. Mvumo wa umeme wetu wa hezi 50, ukishapita diodi nne, huwa hezi 100, na kwa umbali huo huzimwa vyema.

Lakini wastani wa volti 24 ukiingia ghafla, volteji itakayotulia karibu na 23.5 hupanda kwanza, katika sekunde 0.044, hadi takriban 38.6. Kweli, diodi si za mstari, na mkondo ukitaka kurudi nyuma huuzuia, hapo milinganyo yetu ikakoma kusema kweli. Ila kilele hicho hutangulia zuio. Basi anayenunua kapasita ya volti 25, au hata 35, kwa kuwa mita yake yasoma 23.5, amenunua isiyotosha. Na achukue ya volti 50.