Gazeti Lipi?

Neno "gazeti" linatuchanganya. Kwa maneno ya kila siku, gazeti ni karatasi ya habari: unanunua, unasoma, kesho yake unafungia maandazi. Asili yake Venice, ambako gazeta ilikuwa sarafu ndogo, bei ya karatasi ya habari. Waingereza wakalichukua jina hilo kuita chapisho la serikali yao, London Gazette, lililoanza 1665, kisha wakaja nalo kwenye makoloni. La Kenya lilianza 1899, na linatoka mpaka leo.

Sasa huku kwetu neno moja linabeba mizigo miwili. Tanzania ukisema "gazeti la serikali", huyu anafikiri HabariLeo, yule anafikiri lile lenye sheria na matangazo. Na sisi tuliotoka Kongo tumekuja na mtego uleule wa Kifaransa: journal ni ya habari, Journal officiel ni ya sheria.

Eti ni tofauti ndogo? Gazeti la habari linasema jambo limetokea. Gazeti Rasmi ndilo linalipa jambo nguvu ya sheria. Tazama mwaka 2016. Mwezi Mei serikali ya Kenya iliwaambia wanahabari kwamba itafunga kambi ya Dadaab. Dunia nzima ikasikia. Februari 2017 Mahakama Kuu ikakataa, na Dadaab ipo mpaka leo. Lakini siku chache kabla ya taarifa ile, tangazo katika Gazeti Rasmi lilikuwa limefuta utaratibu wa kuwatambua Wasomali kwa jumla kuwa wakimbizi. Tangu hapo kila mtu alitakiwa kujieleza peke yake. Kelele zilikuwa kwa lile la kwanza. Hili la pili ndilo lilimgusa mtu kwenye karatasi zake.

Kwa hiyo mimi napendelea tuseme "Gazeti Rasmi", tuache "gazeti la serikali". Jina peke yake halitoshi, maana la Kenya ndani yake ni Kiingereza, na wengi wetu hatulisomi. Ila linatupa swali la kuuliza. Mtu akija mbio kusema, "Jamani, imetoka kwenye gazeti!", tusianze kulia wala kushangilia. Tumuulize: gazeti lipi, la tarehe gani, tangazo namba ngapi? Asipojua, basi bado ni habari tu.